Jenereta la kilo 80 na kitundu cha amp 8

Usiku wa tatu taa zikazima. Sio zilizima pap, hapana, taa za LED kwenye betri inayokata roho zina tabia yake, zinaanza kupepesa, inazima inawaka, inazima inawaka, kama mtu anasinzia kanisani anajishtua, alafu giza. Ilikuwa saa nane usiku, dagaa wameshaanza kupanda, unawaona pale chini wanang'aa kwenye maji kama vipande vya bati, vijana wameshashika kamba wanasubiri tu neno. Giza. Mita kama 200 hivi kutoka tulipo kuna jamaa wengine taa zao zinawaka vizuri tu, na dagaa hana undugu na mtu, anafuata mwanga, kwahiyo sisi tuliwakusanya masaa manne jirani akaja kuvua.

Baba mdogo, ambaye boti ni yake na pesa ya jenereta ilikuwa yake, hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa utaratibu, "Na lile jenereta lako?"

Lile jenereta langu. Kwakweli nililichagua mimi, nililisifia mimi, nikalipakia kwenye boti mimi na vijana watatu maana lina kilo 80 na kitu. KVA 5 (KVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta, KVA moja ni VA 1000), la petroli, fremu ya bomba, unavuta kamba linanguruma mpaka mbwa wa kambini wanahama. Na mchana wa siku hiyo hiyo lilikuwa limewaka masaa matano likichaji betri. Sasa inakuwaje jenereta la KVA 5 linashindwa kujaza betri nne?

Hilo swali lilinisumbua msimu mzima na ndio maana naandika, kwasababu tangu nimelijibu nimeshakutana na watu sio chini ya kumi pale Kibirizi, mwalo wetu wa boti za uvuvi hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika, wanaotaka kurudia kosa lile lile, wanakuuliza "ya KVA ngapi inafaa kwa betri za boti?" Ukimwambia aanzie kwenye chaja anakuona unampotezea muda.

Kwa wasioijua hii kazi niseme kidogo. Wazee wetu walivua kwa karabai, mafuta ya taa na pampu, karabai ikigoma unabadilisha soksi unapampu unaendelea. Siku hizi wengi tumehamia taa za LED na betri, na huwezi kumrudisha mtu nyuma, harufu hakuna, upepo hauzimi, gharama ya usiku mmoja imeshuka. Ila karabai ilikuwa haina habari ya chaji. Ukiwa unavulia karibu na Kigoma mjini unarudi asubuhi unaacha betri kwenye kibanda cha kuchajia mwaloni au nyumbani, jioni unachukua. Sisi kambi yetu ipo kusini huko upande wa Buhingu, tunakaa wiki mbili mpaka mbalamwezi ikiingia ndio tunarudi mjini, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa haoni taa yako ina maana yoyote. Kambini pale umeme hakuna. Kwahiyo chaji unakwenda nayo mwenyewe.

Hesabu yetu iko hivi. Taa nne, kila moja wati 50, jumla wati 200. Kwenye volti 12 hiyo ni kama amp 17. Masaa 10 ya usiku, amp 17 mara 10, umetumia 170Ah, yaani amp-saa 170. Betri zetu nne za asidi, kila moja 100Ah, jumla 400Ah. Betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku, ukifanya hivyo unaiua mapema, kwahiyo 170 kati ya 400 iko salama kabisa. Ila kila mchana lazima zile 170 zirudi. Hapo ndio mchezo wote ulipo.

Lile jenereta lina soketi za kawaida za volti 230, na pembeni lina kitundu kimeandikwa 12V DC, kilikuja na waya wake una klipu nyekundu na nyeusi. Mimi nikaona raha, yaani limetengenezwa kabisa kwa ajili ya betri, chaja ya nini? Nikachomeka klipu kwenye betri, nikavuta kamba, nikakaa kwenye kivuli nakula mgebuka wa kuchoma najiona injinia.

Tuliporudi mjini nililibeba mpaka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mwanga. Ni mzee, namheshimu, nikamwamkia nikamweleza, "Mzee, hili jenereta halina nguvu, nahisi nimeuziwa feki." Hakulifungua hata nati moja. Akaliwasha, akachukua ile mita yake yenye koleo akaikumbatisha kwenye waya wa klipu, akanigeuzia nisome. Nane nukta kitu.

"Soma," akasema.

"Nane."

"Nane nini?"

"Amp nane, mzee."

"Haya. Masaa mangapi kwa siku?"

"Matano."

"Arobaini hiyo. Na usiku mnakula ngapi?"

Nikanyamaza maana jibu nilishaliona. Usiku wa kwanza tumetoka na 400, tukatumia 170, zikabaki 230. Mchana nikarudisha 40, zikawa 270. Usiku wa pili tukatumia 170, zikabaki 100, hapo tayari betri zinalia. Mchana 40 nyingine. Usiku wa tatu tumeingia ziwani na 140 tunataka 170. Hata saa nane usiku tulifika kwa neema tu.

Akaniambia kile kitundu ni cha kumsaidia mtu gari limegoma kuwaka, unaipa betri chaji kidogo ya kuanzia basi, na hakina kitu cha kukizuia wala kukiongoza, hakijui betri imejaa au la. Ukubwa wa jenereta haujalishi, hilo la KVA 5 na kale kadogo ka kubeba mkono mmoja, vitundu vyao vya 12V vingi vinatoa hizo hizo amp 8 au chini yake. Yaani nilibeba kilo 80 mpaka Buhingu nikachoma petroli zaidi ya lita moja kila saa ili nipate wati mia na kidogo. Na petroli huku mwisho wa reli mnajua, EWURA wakitangaza bei elekezi kila mwezi Kigoma hatukosi kuwa juu juu huko.

Baba mdogo nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Alafu akaacha kucheka akaniambia, "Sasa tafuta dawa."

Dawa ni chaja inayochomekwa kwenye 230. Hapo ndio unaanza kuchagua kitu cha maana. Kwa betri za asidi za kawaida chaji nzuri ni kati ya asilimia 10 na 20 ya ukubwa wake, kwahiyo kwa 400Ah unatafuta chaja ya amp 40 mpaka 80, inayopandisha mpaka volti 14.4 hivi alafu ikifika hapo inajipunguza yenyewe. Sisi tukaamua amp 50. Kuna hizi chaja za gereji, boksi la chuma zito na mshale wa kuyumba, nazo zinafanya kazi ila ukiiacha imejaa inaendelea tu kuchemsha maji ya betri. Hiyo sikuitaka kambini ambako mtu wa kuiangalia amelala.

Sasa hapa ndio watu wengi wanapotea, hata mafundi wengine, na ningekuwa na uwezo ningeandika hiki kipande kwenye ukuta wa mwalo. Chaja ya amp 50 inatoa amp 50 mara volti 14.4, ni wati 720. Kuna kinachopotea kama joto, tuseme inafanya kazi kwa asilimia 85, basi inaingiza kama wati 850. Mtu anaona 850 anasema jenereta ya KVA 1 inatosha na chenji inabaki. Haitoshi! Kwasababu chaja nyingi za bei rahisi hazivuti umeme kwa utulivu, zinadokoa, wimbi la umeme likipanda juu kabisa ndio zinavuta kwa fujo alafu zinaacha, zinasubiri wimbi lingine. Hiyo ndio wanaita pawa fakta mbovu, inaweza kuwa 0.65. Ukigawanya 850 kwa 0.65 unapata kama VA 1300. Jenereta halijali wati zinazofika kwenye betri, linabeba zile VA 1300, na lile dogo la KVA 1 litawasha taa nyekundu likate. Chaja ile ile ya amp 50 lakini imeandikwa PFC, maana yake imewekewa kitu cha kuvuta umeme kwa utaratibu, itataka kama VA 900 tu. Amp zile zile kwenye betri. Ina bei juu, ndio, ila tofauti ya bei ya chaja ni ndogo kuliko tofauti ya bei ya jenereta, na jenereta utaibeba mgongoni.

Na bado kuna la hapa kwetu. Ziwa letu liko juu, uso wa Tanganyika ni kama mita 773 kutoka usawa wa bahari, na hizi injini ndogo hupoteza nguvu kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu utakuta asilimia 9 imeondoka kabla hujachomeka kitu. Kwahiyo jenereta iliyoandikwa wati 900 za kudumu, kwetu ihesabu 820 basi. Na angalia hilo neno la kudumu, boksi linaandikwa namba kubwa ambayo ni ya kuanzia tu, ya sekunde chache, namba ya kweli iko kwenye kibati kidogo pembeni ya mashine au ndani ya kitabu ambacho hakuna anayekisoma.

Ukiweka yote pamoja unaona kwamba kwa boti kama yetu kuna njia mbili. Moja, chaja ya amp 40 yenye PFC na jenereta ya KVA 1. Mbili, chaja ya amp 50 na jenereta ya KVA 2, hapo hata chaja ikiwa sio ya PFC inabebeka. KVA 5 haipo popote kwenye hiyo hesabu, labda kama una friji za samaki.

Aina pia ni muhimu. Lile langu la fremu ya bomba ili litoe umeme wa 50Hz lazima injini izunguke mara 3000 kwa dakika muda wote, umechomeka chaja au umechomeka simu, ni 3000 tu na petroli inakwenda. Zile za inveta, zilizofunikwa na plastiki kama sanduku, umeme unatengenezwa upya ndani kwahiyo injini inaruhusiwa kupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo. Mchana betri zikianza kujaa chaja inapunguza, na yenyewe injini inashuka, unaisikia kabisa sauti inabadilika, unajua muda wa kuzima umekaribia hata kama umejilaza. Uzito nao, Honda EU22i kwa mfano ina kilo 21 na inatoa wati 1800 za kudumu, ndugu yake mdogo EU10i ana kilo 13. Mtu mmoja anashuka nayo kwenye boti maji ya magoti, mkono mmoja jenereta mkono mwingine kidumu.

Nilifikiria pia zile ndogo kabisa za kuchanganya oili na petroli, za bei chee, zimejaa madukani. Mi sizidharau, zimewasha biashara nyingi za vinyozi mji huu. Lakini nyingi ni kama wati 650, moshi wake kwenye boti ukikaa upande mbaya wa upepo utakohoa siku nzima, na kuna siku kijana ataweka petroli tupu bila oili, usiseme wa kwako ana akili, wa kwangu pia alikuwa na akili.

Tukanunua ya inveta ya KVA 2, mtumba, na chaja mpya ya amp 50 ya PFC. Baba mdogo alipoiona alisema hii ni redio. Mpaka leo anaiita redio, "haya washa redio."

Asubuhi ya kwanza kambini nilikaa na mita mkononi. Tumerudi, betri zimepumzika, zinasoma 12.3. Nikawasha. Saa ya kwanza amp 50, saa ya pili amp 50, volti zinapanda taratibu, karibu saa ya tatu ikagusa 14.4 na pale pale amp zikaanza kushuka, 45, 38, 30. Hapa kuna siri ambayo jenereta kubwa kiasi gani haiwezi kuivunja, betri ya asidi ile asilimia 15 ya mwisho inaingia kwa maringo, utasubiri masaa manne matano kwa kitu kidogo. Ukiiacha jenereta iwake muda wote huo unachoma petroli kumsubiri bibi harusi. Sisi tunazima ikifika kama amp 20, na juu ya turubai kuna paneli ya sola ya wati 200 ambayo baba mdogo aliinunua kipindi anahisi mimi ni tapeli, hiyo ndio inamalizia mchana kutwa bila kelele. Sola peke yake haikutosha, siku ya jua kali inatupa 50 mpaka 60Ah, na mvua zikianza Novemba ni hadithi nyingine kabisa. Lakini kwa kumalizia hakuna kama hiyo. Na kumalizia ni lazima, betri isiyojaa mpaka mwisho wiki nzima inaota ukungu mweupe kwenye sahani zake ndani, mwisho inakataa chaji, alafu unasema betri za siku hizi feki.

Tukirudi mjini mbalamwezi ndio zinalazwa kwenye umeme wa TANESCO siku mbili tatu zinajaa kabisa.

Yapo mambo niliyojifunza kwa kuungua vidole. Klipu usizitoe chaja ikiwa inawaka, betri inayochaji inatoa gesi ya haidrojeni na cheche moja inatosha kukupasulia betri usoni, zima kwanza. Kijana wetu mmoja aliongeza maji kwenye betri akachota ya ziwa, kisa ni masafi unaona mpaka chini, ndio ni masafi, lakini yana madini tele, yanaenda kugandana na sahani ndani. Maji ya betri ni yale ya dukani basi. Petroli ikimwagika kwenye boti mvuke wake ni mzito, haupandi, unashuka unakaa tumboni mwa boti chini ya mbao unakusubiri, kwahiyo jenereta tunaijazia nchi kavu ikiwa imepoa. Na isiwake kamwe chini ya turubai lililofungwa ambapo kuna watu wamelala. Ule moshi una gesi isiyo na harufu wala rangi, mtu anaona usingizi mtamu tu haamki tena. Upepo wa kusi ukivuma watu wanataka kuingiza kila kitu ndani, jenereta hapana, bora ilowe.

Alafu ule mwaka 2024 serikali ilipofunga ziwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 tukakaa mjini miezi mitatu, mimi nikaifunika redio yangu vizuri na shuka nikaona nimeitunza. Agosti navuta kamba, haiwaki. Navuta mpaka bega. Petroli iliyobaki ndani ya kabureta ilikuwa imegeuka kama asali. Fundi aliisafisha nusu saa akachukua hela yake. Sasa nikijua inakaa zaidi ya wiki kadhaa nafunga koki ya mafuta naiacha iwake mpaka ijizime yenyewe, kabureta inabaki kavu. Betri nazo kipindi kile nilikumbuka kuzichaji kila mwezi, hapo angalau nilikuwa na akili.

Lile jenereta la KVA 5 lilikaa uani kwa baba mdogo karibu mwaka, kuku wanalala juu yake. Akaja jamaa wa Ujiji, anafanya mziki wa harusi, anatafuta la kuendeshea spika umeme ukikatika. Tukaliwasha, likanguruma, akafurahi sana, akalizunguka analigusa gusa, akafika pembeni akaweka kidole kwenye kile kitundu.

"Na hapa nachajia betri?"

Baba mdogo akanitazama. Nikasema, "Hapo kaka ni pa kuwashia gari lililogoma."

Akapunguza elfu ishirini. Tukakubali.